Usilaumu Mlima, Pima Damu

Mtu atoka Walikale, apanda Masisi. Siku ya kwanza atweta, moyo wamwenda mbio, kichwa chauma. Jirani wasema, "Amelogwa njiani." Mimi nasema, sivyo.

Fikirini. Mji wa Walikale uko chini msituni, kama meta 700 juu ya bahari. Milima ya Masisi mahali pengi yapita meta 2,000. Huko hewa ni nyepesi: oksijeni katika kila pumzi ni pungufu kuliko pwani, karibu sehemu 1 katika 5. Basi mwili huanza kazi. Twapumua upesi zaidi. Mishipa midogo ya damu katika ubongo hupanuka kidogo. Ile ya mapafu hujibana. Figo hupeleka habari mifupani, na uboto wa mifupa hufanya chembe nyekundu zaidi. Chembe hizo ndizo wachukuzi wa oksijeni. Hupita moja moja katika mishipa myembamba kuliko unywele. Kazi hiyo yote haiishi kwa siku moja, yahitaji majuma.

Mwenye damu ya kutosha hapati taabu kubwa. Lakini yule ambaye malaria imevunja chembe zake, na minyoo imenyonya damu yake? Na mama mwenye mimba, ambaye damu yake hulisha watu wawili? Wachukuzi wao ni wachache, tena hewa ni nyepesi. Hata hivyo twamtwika mama huyo gunia, kamba katika paji la uso, apande nalo!

Kwa maoni yangu hiyo ni aibu yetu wanaume. Wengine watajibu, "Ndiyo desturi," au, "Tulikimbia vita, hatukuchagua njia." Ni kweli, vita haichagui. Lakini hata njiani mzigo waweza kugawanywa, na mama aweza kupumzishwa.

Tena ukipimwa damu, mwambie mwuguzi unakaa wapi. Hesabu inayotosha Walikale yaweza kuwa ndogo mno kwa mkaaji wa mlimani. Shirika la Afya Duniani nalo lataka urefu wa mahali ufikiriwe.

Kuleni maharagi, sombe, samaki wadogo na nyama ikipatikana. Laleni ndani ya chandarua. Kutweta unapopanda si ajabu. Lakini ukitweta nawe umeketi, au viganja na ndani ya kope vikiwa vyeupe, usimtafute mchawi. Njoo hospitali leo.