Msitundike Michoro Bila Maswali

Moshi kuna imani iliyoota mizizi: kwamba michoro ya wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 ni shahidi mkweli wa Kilimanjaro ya kale. Eti kamera hazikuwepo, mzungu akachora alichokiona.

Kamera zilikuwepo. Mpanda milima Mjerumani Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889 alikuwa nayo. Hata hivyo aliporudi mwaka 1898 alimleta Ernst Platz, mchoraji wa Munich. Mwenye kamera anamtafutia nini mchoraji, kama si kuupamba mlima? Kitabu chao kilitoka Berlin mwaka 1900. Machi 2 mwaka huohuo, hapo Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi (mtawala wa Wachagga) Meli pamoja na viongozi wenzake. Simtwishi Platz kitanzi hicho. Nasema tu kwamba anayetaka kujua Uchagga ulikuwaje mwaka ule hataujua kwa kutazama barafu ya kilele cha Kibo.

Barafu yenyewe ilikuwa kesi. Mmisionari Mjerumani Rebmann alipoiona mwaka 1848, William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kufika huku, alibisha kwamba haiwezekani. Tangu hapo kila aliyekuja na penseli alikuwa na jambo la kuthibitisha juu kabisa ya mlima. Na mchoro ukifika Ulaya ulipitia mikono ya mchongaji wa vibao vya kuchapia ambaye mgomba hajawahi kuuona.

Mwingereza Harry Johnston ndiye hasa wa kutazamwa. Alisomea uchoraji London, akaishi kwa Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1884, na kitabu chake cha mwaka 1886 kimejaa michoro ya mkono wake. Mkono huohuo ulichukua mikataba ya ardhi Taveta, Waingereza wakaifanya hoja yao ya kudai nchi. Mandhari nzuri ilikuwa sehemu ya madai hayo. Ndivyo ilivyokuwa India pia: Thomas Daniell na mpwa wake William walitoa picha 144 za mahekalu na mandhari kati ya 1795 na 1808, wakati Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki ikizidi kuimeza nchi.

Mtaniambia Johnston aliisifu mifongo yetu, mifereji ya kumwagilia mashamba. Ni kweli, tena aliisifu vizuri. Lakini sifa hiyo imebaki kwenye maandishi, ambayo hayatundikwi ukutani. Kinachotundikwa ni theluji, mgunga na tembo, yaani mlima unaotazamwa kutoka Amboseli, upande wa Kenya! Wachoraji wetu wa mjini nao wanaurudia kwa rangi za mafuta, kwa sababu mtalii ndiye anayenunua.

Kilimanjaro ya Kibosho, Marangu na Machame ni vihamba (mashamba ya ukoo), migomba, kahawa na maji yaliyochepushwa kwa jembe na akili za wazee wetu. Wenye hoteli, mkitundika Platz au Johnston, andikeni chini yake alikuja na nani na kwa kazi gani. Nanyi wachoraji wa Moshi, choreni mfongo mmoja, hata kama mwaka huu hautauzika.