Mwili wa Pwani Katika Mlima wa Theluji



Si jambo geni tena kwa jamaa zetu wa Mombasa, Lamu na Malindi wanaoishi Ulaya kuwapeleka watoto kwenye theluji likizo ya majira ya baridi inapoingia, na mara nyingine huandamana na mama au bibi aliyetoka huku kuwazuru. Wako wanaochagua mlima wa Uludağ nchini Uturuki, kwa kuwa chini yake upo mji wa Bursa, uliokuwa makao ya masultani wa mwanzo wa Kiothmani. Huko chakula cha halali hakisakwi, na adhana huisikia ukiwa kitandani. Wanaporudi, maswali wanayoniletea hayahusu mchezo wa skii. Yahusu midomo iliyopasuka, damu ya pua, kichwa kinachogonga, mtoto anayelia usiku. Nani hukesha naye, mwajua wenyewe.

Mimi si tabibu, na haya ni mambo ya huduma ya kwanza tu. Lakini naona asili ya taabu hizi ni moja: dalili tulizolelewa nazo Pwani, kule mlimani hunyamaza. Hapa kwetu jasho humkumbusha mtu maji. Kwenye hoteli za Uludağ, karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni kavu na mwili hupoteza maji kwa kila pumzi, wala kiu haisikiki. Kichwa kikianza kuuma alasiri, watu husema ni baridi, na huenda ni ukosefu wa maji tu. Mpe mtoto maji ya vuguvugu, supu au chai nyepesi kila baada ya muda, hata akikataa, na utazame rangi ya mkojo wake.

Jua nalo hudanganya. Sisi hulijua kwa ukali wake, na kule laweza kuunguza ngozi huku meno yagongana. Theluji mpya yaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ile inayounguza, basi humpiga mtu kutoka juu na kutoka chini, hata chini ya kidevu. Macho yasiyovaa miwani hayaumi papo hapo. Usiku ndipo huhisi kama yametiwa mchanga. Asiyasugue. Chumba cha giza na kitambaa cha maji baridi juu ya kope humpunguzia, na kwa kawaida hupona baada ya siku moja au mbili. Yakizidi, au kuona kukififia, aende kwa daktari. Kwa midomo tumieni mafuta ya mgando, wala msiilambe. Mafuta ya nazi mliyofungiwa na bibi yatafika yamekuwa jiwe, maana huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24.

Sasa soksi. Mama wa Pwani akiona baridi humvisha mwanawe soksi pea mbili au tatu, kwa mapenzi. Ndani ya buti la skii soksi hizo hukunjana, hutoa malengelenge, na hubana damu isifike vidoleni, kwa hiyo mguu huzidi kupoa. Pea moja ndefu na kavu yatosha, na nyingine ikae mfukoni.

Ganzi ndiyo ya kuogopwa kuliko maumivu. Mtoto aliyekuwa akilalamika vidole vyamuuma, kisha akanyamaza, huenda hajapona; huenda hahisi tena. Vitabu husema ngozi hugeuka nyeupe, lakini kwenye ngozi zetu huonekana kama kijivu au iliyopauka, basi msingoje weupe. Mwulizeni, mshikeni. Mwingizeni ndani, vidole vyake muviweke kwapani mwenu au mwake. Msivisugue, msivisugue kwa theluji hasa, wala msivisogeze kwenye moto. Vikibaki vigumu au vikitoa malengelenge, hilo ni la hospitali.

Damu ya pua, ambayo hewa kavu huileta, bado twawainua watoto vichwa nyuma kama tulivyofanyiwa sisi. Ainame mbele, abanwe sehemu laini ya pua dakika 10 bila ya kuachia. Mwenye pumu afunike pua na mdomo kwa skafu (wenye kuvaa nikabu wameshatangulia hapo), na inhela yake ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Kwa upande wa udhu, hotelini maji ya moto yapo, hivyo tayamamu kwa sababu ya baridi haina mlango hapo, ila kwa mwenye kidonda ambacho maji yatakidhuru. Kaukeni vizuri kabla ya kutoka nje, hasa baina ya vidole. Mkono mbichi kwenye upepo ule hupasuka siku hiyo hiyo. Na msafiri anayo ruhusa ya kupangusa juu ya khofu siku 3 na usiku wake, akiwa alizivaa na udhu.

Goti lililojipinda na kuvimba upesi, au lisiloweza kubeba mwili, mwenyewe asilifanyie ushujaa. Vivyo hivyo kidole gumba kilichoumia kwa kuangukia fimbo ya skii: mama hukifunga kitambaa akaendelea kufua na kupika, na mshipa uliokatika usiposhughulikiwa mapema kidole hubaki dhaifu. Bima nyingi za safari hazimo katika mchezo huu mpaka uongeze malipo. Ulizeni kabla ya kupanda ndege.

Nimemwacha bibi mwisho kwa kuwa yeye hujiacha mwisho. Ataketi dirishani na kusema, "Mimi sijambo, nendeni mkacheze." Ikiwa ana maradhi ya sukari, insulini yake isiachwe garini wala kwenye begi lililo nje, ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka. Kipimo cha sukari nacho chaweza kukataa kufanya kazi kikipoa sana. Asiweke miguu karibu na hita, maana mwenye ganzi ya sukari huungua bila ya kujua. Kila usiku mvueni soksi, mtazame nyayo na baina ya vidole, nyinyi wenyewe, hata akisema hakuna kitu.