TOPE LA BANDARI LIPIMWE KWANZA

Ndugu wachimbaji, na ninyi wenyeji wa mji wa Goma,

Mchimbaji anayeosha mchanga katika karai anajua: kilicho chepesi huenda na maji, kilicho kizito hubaki chini. Ndivyo ilivyo bandarini. Madini mazito kama risasi na zebaki hushikana na tope laini, yakalala chini miaka mingi. Siku tope likichimbuliwa ili meli zipite, sumu huamka. Zebaki huingia katika samaki, na samaki huingia katika sahani ya mtoto.

Haya si maneno ya kutishana. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki katika ghuba, na mwaka 1956 ugonjwa ukajulikana rasmi. Kazi ya kuchimbua tope lile ilianza 1977, ikaisha 1990. Halikutupwa baharini: lilizungushiwa ukuta, likafunikwa kwa udongo safi, hekta 58.

Sisi maji twachota ziwani kwa bidoni, na sambaza ndiyo mboga yetu. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi. Tutakachotupa sisi, ndugu zetu wa Bukavu na Uvira watakipokea.

Kwa hiyo twadai: yeyote atakayechimbua tope la bandari ya Goma alipime kwanza, na majibu yabandikwe sokoni kwa lugha ya wananchi. Lenye sumu lisirudishwe ziwani, wala lisimwagwe mashambani.

Jasho la mchimbaji limejaza mifuko ya wengi. Sumu isijaze tumbo la mwanawe.