Mwenye Filamu Hatoshi Kuitunza

Wako watu wasemao kwamba sinema za katuni ni mchezo wa watoto, na mchezo ukiisha hauna haja ya kutunzwa. Wako na wengine, ambao kosa lao ni kubwa zaidi, wadhanio kwamba kitu kikishaingia katika intaneti hakipotei tena. Nitawajibu hawa wa pili, maana wale wa kwanza hujibiwa na watoto wao wenyewe kila jioni.

Mwaka wa 1926 bibi mmoja wa Ujerumani, Lotte Reiniger, alimaliza filamu ya Mwanamfalme Achmed, iliyotokana na hadithi za Alfu Lela U Lela. Alikata watu wake kwa mkasi katika karatasi nyeusi, akawasogeza kidogo kidogo na kuwapiga picha moja moja. Filamu ya asili ilipotea Berlin vitani mwaka wa 1945. Tunaitazama leo kwa kuwa nakala moja ilikuwa imehifadhiwa Uingereza, na kwa nakala hiyo mafundi waliirudishia rangi zake mwishoni mwa miaka ya 1990.

Ati hayo ni ya zama za mizinga! Basi tazama mwaka wa 1998. Katika kampuni ya Pixar, Marekani, amri moja iliyotolewa kimakosa katika kompyuta ilifuta sehemu kubwa ya Toy Story 2, iliyokuwa ikitengenezwa. Nakala za akiba zilipotafutwa, zilionekana hazifai. Kilichowaokoa ni kompyuta ya nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa kazi ile, aliyekuwa akifanyia kazi kwake baada ya kujifungua. Ililetwa garini, imefunikwa mablanketi kama mgonjwa.

Hiyo ilikuwa ajali. Lakini mwaka wa 2024 tovuti ya Cartoon Network, iliyokuwa na michezo na vipande vya katuni, ilifungwa kwa kusudi, na kila aliyebisha hodi akaelekezwa kwenye mlango wa kulipia. Hapakuwa na vita wala moto. Mwenye mali aliamua tu. Anayetaka kuziona kurasa zile hana budi kwenda Internet Archive, makavazi ya kidijitali yaliyoanzishwa San Francisco mwaka wa 1996, ambayo hunakili kurasa za ulimwengu mzima.

Wataniambia kwamba mali ni yake, na ana haki ya kuivunja. Haki ya kuuza anayo, sikatai. Lakini mfalme François wa Kwanza wa Ufaransa aliagiza mwaka wa 1537 kwamba nakala ya kila kitabu kilichochapwa iwekwe katika maktaba yake, na mwaka wa 2006 sheria ya nchi hiyo ikazijumuisha kurasa za intaneti; wala wachapaji hawakufilisika kwa ajili hiyo.

Je, sisi? Vijana wa Nairobi walichora katuni za Tinga Tinga Tales, zilizoanza kuonyeshwa mwaka wa 2010. Nani atazilinda, mwenyewe akichoka nazo? Nadai sheria iseme hivi: kila filamu ya katuni itengenezwayo Kenya, pamoja na tovuti yake, nakala moja ipelekwe katika makavazi ya taifa kabla ya onyesho la kwanza. Haki ya kuionyesha na kuiuza ibaki kwa mwenyewe. Uwezo wa kuifuta nakala ile asiwe nao.