Sauti ya Nani Kwenye Santuri?
Ile sauti nzito ya kiume kwenye "Daddy Cool" ya mwaka 1976 si ya Bobby Farrell, mcheza shoo wa Boney M.; ni ya Frank Farian, mtayarishaji Mjerumani aliyebaki studio. Maizie Williams naye alionekana jaladani na jukwaani, lakini waliorekodi ni Liz Mitchell na Marcia Barrett. Watu walicheza hivyo hivyo, jasho likiwatoka. Mwaka 1981 kundi hilo likatoa "Malaika", wimbo ambao mtunzi wake bado anabishaniwa: Fadhili William au Adam Salim? Arusha nayo ina deni kwa waimbaji wasiotajwa. Wanamuziki ndugu Wilson na George Kinyonga walihamia hapa kutoka Tanga mwaka 1970, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka uliofuata wakaenda Kenya, na Nairobi ikawajua kama bendi ya Simba Wanyika. Wilson na George wanatajwa mpaka leo. Waliowaitikia je? Lebo za santuri za dansi mara nyingi ziliandika bendi na mtunzi, basi. Mzee wa Kaloleni au Ngarenaro, hapa Arusha, anayewakumbuka waitikiaji wale kwa majina na aseme sasa, na mjukuu mwenye simu arekodi.