Sketi, Bitana na Utamaduni wa Taifa

Mwezi Desemba mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge la Tanganyika baada ya kuwa Rais, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Tangu siku ile neno utamaduni halijatoka vinywani mwetu. Tumelitumia kwa ngoma, kwa lugha, kwa ushairi na kwa michezo; na tumelitumia sana kwa mavazi. Lakini katika jambo hili la mavazi tumekuwa kama mnunuzi wa nyumba anayetazama rangi ya mlango tu. Tumebishana juu ya urefu wa nguo, upana wake na nchi ilikotoka. Ni mara chache mno tumeuliza imeshonwaje, na nani aliyeishona. Makala haya yanakusudia kuuliza swali hilo, na mfano tutakaoutumia ni sketi nyembamba yenye bitana, ile iitwayo sketi ya penseli, ishonwayo nyumbani kwa cherehani ya kawaida.

Huenda msomaji akacheka. Atasema kwamba taifa lina mambo makubwa kuliko sketi. Twamwomba avumilie, maana wakati mmoja sketi ilikuwa ni jambo kubwa sana katika nchi hii. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita sketi fupi, nguo za kubana, nywele za bandia na dawa za kuchubua ngozi. Utekelezaji wake, ulioitwa Operesheni Vijana, ulipangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969 mjini Dar es Salaam. Hata kabla ya siku hiyo, mwezi Oktoba 1968, wanawake walishambuliwa hadharani Kariakoo kwa sababu ya nguo walizovaa. Hatusemi kwamba waliopitisha azimio lile hawakulipenda taifa lao. Walitoka katika ukoloni, na kasumba ya ukoloni ilikuwa kitu cha kweli. Tunasema kwamba mtu anayemvua msichana nguo njiani kwa jina la heshima amekwisha kuipoteza heshima yenyewe. Na ya kwamba rula ya kupimia pindo la sketi haijapata kumfundisha mtu yeyote kushona pindo.

Wapo wasemao hadi leo kwamba sketi ya penseli si yetu, na hutuwekea mbele methali isemayo mwacha asili ni mtumwa. Kwamba haikuanzia kwetu, hilo halina ubishi. Ilikua Ulaya, ikapata umaarufu mkubwa mikononi mwa washonaji wa Paris, miongoni mwao Christian Dior, katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwetu imezoeleka kuwa vazi la karani, la mwalimu na la mwanafunzi. Lakini tuwaulize ndugu zetu hawa: kanga ilitoka wapi? Pwani husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Unguja walinunua leso za mraba zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo, wakazikata tatu tatu, wakaziunga safu mbili, wakapata nguo moja ya leso sita. Neno leso lenyewe ni la Kireno. Basi kitambaa kilikuwa cha kigeni, na jina lake la kigeni. Kilichokuwa chetu ni sindano na akili iliyoiongoza. Baadaye kanga ikachapishwa viwandani ikiwa nzima, na watu wetu wakaitia maneno yao, ikawa hakuna awezaye kutunyang'anya. Kitu huwa chetu siku tunapojua kukitengeneza, kukirekebisha na kukikosoa. Kabla ya siku hiyo tumekiazima tu, na nguo ya kuazima haisitiri.

Na tutazame bitana. Neno hili tulilipata kutoka Kiarabu, na watu wa pwani walilijua pamoja na joho na kizibao, zamani kabla sketi ya penseli haijazaliwa Ulaya. Mababu zetu walijua kwamba vazi la heshima lina upande wa nje wa kuonwa na watu, na upande wa ndani ujulikanao na mvaaji na fundi peke yao. Kofia ya viua hushonwa kwa tabaka mbili za kitambaa, na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa mkono, kazi ya siku nyingi mno. Anayesema kwamba subira ya kushona kitu kisichoonekana ni mambo ya Wazungu, hakuwahi kukaa barazani akamtazama mshonaji wa kofia.

Sasa tuieleze kazi yenyewe, ili tusije tukahubiri bila kujua. Kwanza kitambaa. Kikiwa cha pamba, kama vile kitenge au khaki, sharti kifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, kwa sababu pamba hurudi inapolowa. Atakayekikata kibichi atajikuta ameshona sketi ya mdogo wake. Kisha vipimo vitatu: kiuno, nyonga mahali palipo panene, na urefu. Tuseme kiuno ni sentimita 74 na nyonga 96. Mvaaji hana budi kupumua na kuketi, basi tuongeze 2 kiunoni na 4 nyongani. Tutapata 76 na 100. Tofauti ni sentimita 24, na kazi yote ya sketi nyembamba ni kuzigawa hizo 24 kwa haki. Vikunjo viwili vya mbele, vinavyochongoka kama ncha ya mkuki kutoka kiunoni kwenda chini, vichukue 2 kila kimoja. Viwili vya nyuma, vilivyo virefu zaidi, vichukue 3 kila kimoja. Zimekwenda 10. Kingo nne za ubavuni zipunguzwe 3 kila moja, na kingo mbili za katikati ya nyuma zipunguzwe 1 kila moja. Zimetimia 24. Mwanafunzi aliyelala darasani siku ya hesabu ataamka siku ya sketi.

Vipande vikuu ni vitatu: cha mbele kimoja, na vya nyuma viwili, maana nyuma ndipo pakaapo zipu juu na mpasuo chini. Vyote vikatwe kufuata mtande, yaani uzi uendao sambamba na ukingo wa kitambaa. Vikikatwa upande, sketi itazunguka mwilini mvaaji akitembea. Kila mshono upigwe bandi kwanza, ujaribiwe mwilini, ndipo uingie cherehanini. Na kila mshono upigwe pasi kabla ya kuvukwa na mwingine.

Bitana hukatwa kwa kielelezo kilekile, ila iwe fupi kuliko sketi kwa sentimita 2 au 3 isichungulie chini. Vikunjo vyake vya kiunoni visishonwe mpaka nchani. Vikunjwe tu kama marinda na kulazwa upande wa pili, ili unene usilundikane mahali pamoja. Hushikizwa kiunoni, kandokando ya zipu na kuzunguka mpasuo. Chini huachwa ining'inie yenyewe, kwa maana kitambaa cha nje na cha ndani havilegei sawasawa, na vikifungwa pamoja kimoja kitamvuta mwenziwe. Watu wa Njombe na Mbeya, kwenye baridi, wataridhika na bitana ya satini. Sisi wa pwani, katika joto na jasho, heri tutumie pamba nyepesi. Katika uamuzi mdogo kama huo utamaduni hufanya kazi: umbo limetoka mbali, lakini ngozi na hali ya hewa ni zetu.

Faida ya bitana tuliifahamu kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja tuliyoitumikia, ziliagizwa sketi za sare kwa ajili ya sherehe ya kitaifa. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliotia sahihi. Tuliangalia rangi, tukaangalia bei, tukaridhika. Hapana hata mmoja aliyeigeuza nguo ndani nje. Siku ya sherehe jua lilipopanda uwanjani, kitambaa kile kikaonyesha yasiyopaswa kuonyeshwa. Akina mama waliokuja bila gagulo wakajifunga kanga juu ya sare, na wawili walichanikiwa na mshono wa nyuma walipokuwa wakipanda gari. Sisi wanaume tulikuwa tumekaa kivulini na hotuba zetu za utamaduni mifukoni. Wiki iliyofuata, mpiga taipu mmoja aliifumua yake nyumbani, akaitia bitana ya kitambaa cha pamba alichonunua kwa fedha yake, akaivaa kazini miaka mingi baadaye. Zile nyingine zilikwisha kuwa matambara. Tulimwita tukamwuliza sababu. Alijibu kwamba mtu anapoketi, sketi nyembamba huvutwa nyuma, na bitana ndiyo inayopokea sehemu ya mvuto huo. Isipokuwapo, mshono wa nje hubeba peke yake mpaka uchoke. Jibu hilo lilitufundisha zaidi ya vikao vyetu vyote vya kamati.

Ziko hoja tatu zinazotolewa kupinga ushonaji wa nyumbani, na hatuna budi kuzijibu.

Ya kwanza husema kwamba cherehani ni ya mtoto aliyeshindwa shule. Hii ndiyo kasumba iliyo mbaya kuliko zote, maana huidharau mikono na kuitenga na kichwa. Tumeonyesha hapo juu kwamba sketi ni hesabu. Nasi tuandikao mashairi tunaongeza kwamba ni mizani pia. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane kwa nane. Ukizidisha moja, mghani hukwama. Sketi iliyozidishwa sentimita moja katika kila kingo sita za mishono yake imezidi sita kiunoni, nayo huanguka. Hakuna asemaye kwamba mshairi ni mtu aliyeshindwa shule. Kwa nini basi tumseme fundi?

Ya pili husema kwamba hii ni kazi ya kike. Wasemao hivyo wapite kwenye baraza za maduka ya Kariakoo, wahesabu wanaume walioinamia cherehani. Mwanamume akishona kwa ujira anaitwa fundi. Msichana akishona nyumbani tunasema anacheza. Kazi ni ileile. Tunachotaka ni kwamba mvulana naye ajue kuitia suruali yake bitana, asisubiri dada yake.

Ya tatu ni nzito, nayo husema kwamba mitumba ni rahisi. Hatutawatukana wanaovaa mitumba, kwani imewasitiri watu wengi wasiokuwa na uwezo, na wengi wanapata riziki kwa kuiuza. Pia tumeona kwamba amri peke yake haitoshi. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo mwaka 2019. Marekani ikapinga, nchi nyingine zikarudi nyuma, na Rwanda iliposhikilia ushuru wake wa juu, mwaka 2018 ilisimamishiwa nafuu ya kuuza nguo zake katika soko la Marekani. Wala hatudai kwamba sketi moja ya nyumbani itafufua viwanda. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China, ili pamba yetu ivaliwe na sisi wenyewe. Bado hadi leo sehemu kubwa ya pamba tunayolima husafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Tunalosema ni dogo kuliko hilo, lakini ni la hakika: mtu aliyeshona sketi yenye bitana mara moja katika maisha yake hadanganyiki tena. Ataishika nguo ya duka, ataigeuza, ataona mshono usio na akiba, pindo lililogundishwa, zipu iliyowekwa upande. Kiwanda chochote cha nchi hii kitakachotaka kuinuka kinahitaji kwanza wanunuzi wenye macho kama hayo.

Ndugu walimu, nafasi mnayo. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, na katika shule nyingi ikageuka kuwa jembe na adhabu. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa katika kidato cha kwanza mwaka 2024, umeuweka mkondo wa amali kando ya mkondo wa elimu ya jumla. Hatari tunayoiona ni kwamba mkondo huo utafanywa jaa la kuwatupia wale tunaowaita wazito, na dharau ya zamani itavishwa jina jipya. Njia ya kuzuia jambo hilo ni moja: kila mwanafunzi, wa mkondo wowote, msichana kwa mvulana, ashone walau vazi moja la sare yake mwenyewe, lenye bitana, kabla ya kumaliza shule. Cherehani moja ya mguu hutosha watu wengi wakipokezana, maana kukata, kupiga bandi na kukunga pindo hufanyika kwa mkono. Na mwalimu anaposahihisha, asianze na upande wa nje.

Vijana wetu, nanyi tunawaambia hivi. Mtakaposikia tena watu wakibishana juu ya sketi, kama ni fupi au ndefu, ya kizungu au ya kiafrika, waulizeni wabishanao kama wanajua kuishona. Wasiojua, waketisheni cherehanini muwafundishe.