Fungueni geti la mnara walau mara moja kwa mwaka

Abiria anayeshuka stendi ya Buzuruga akiinua macho huona mawe, nyumba zilizong'ang'ania mawe, na huko juu vilimani, minara ya mawasiliano. Mawe yana sifa zake, maana Mwanza hujivunia kuitwa jiji la miamba. Minara haina msimulizi. Anayeikaribia hukutana na seng'enge, mlinzi na kibao cha kumkataza kuingia.

Ukali huo una asili yake. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga vituo vya simu ya upepo Mwanza na Bukoba, kisha Dar es Salaam. Mwanza na Bukoba zimetenganishwa na kilomita zipatazo 180 kwa mstari ulionyooka. Habari iliyokuwa ikingoja meli sasa ilivuka ziwa papo hapo. Waingereza, ambao reli yao ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, waliiona hatari. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari yao Astraea iliishambulia Dar es Salaam kwa mizinga, shabaha ikiwa kituo hicho cha simu. Juni 1915 meli za ziwani zikabeba askari kutoka Kisumu hadi Bukoba. Walipigana, wakauangusha mnara, kisha wakaupora mji. Miongoni mwao alikuwemo mwindaji Frederick Selous, mzee wa miaka 63, yule ambaye jina lake lilipewa pori la akiba la kusini. Mwanza nayo ilitekwa Julai 1916.

Minara ile ya kale haikulazimika kukaa kilimani, kwa sababu mawimbi marefu hufuata umbo la ardhi. Ni FM ndiyo iliyoipandisha mitambo juu: mawimbi yake huenda moja kwa moja, na jabali likikaa katikati, msikilizaji wa upande wa pili huambulia mikwaruzo.

Hata baada ya uhuru, mwenye bunduki aliendelea kuitafuta redio kwanza. Januari 1964 sauti ya John Okello ilitangaza mapinduzi ya Zanzibar redioni. Siku chache baadaye askari walioasi Dar es Salaam nao walikishika kituo cha redio. Agosti 1982 waasi wa jeshi la anga la Kenya walifanya hivyohivyo Nairobi.

Mwanza yenyewe ilionja vita tena Machi 1979. Ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Idi Amin ililenga ghala la mafuta, ikakosa, na mabomu yakaua swala kisiwani Saanane. Leo kisiwa hicho ni hifadhi ya taifa na watalii hulipa kuingia. Kwa nini vilima vya minara visiwe na lolote la kumwonyesha mgeni?

Watasema usalama. Ni kweli, mitambo ina umeme mkubwa, na hakuna mzazi atakayependa mwanawe aichezee. Lakini historia ya 1915 si siri ya jeshi. Manispaa ya Ilemela inaweza kuanza na kibao cha maelezo nje ya seng'enge, chenye ramani ya ziwa na tarehe. Wenye minara nao wakubali kuwapokea wanafunzi siku moja kwa mwaka, fundi mitambo akiwaongoza, na mlinzi abaki palepale getini.